Mlango wa Mama Mkwe

Treni ya Mpanda miaka ile haikuwa na haraka na mtu. Ukitoka Dar es Salaam unashuka Tabora, unalala kwenye benchi, unapanda nyingine, na ukifika Mpanda umechoka hata kuitikia salamu unaona kazi. Ndiyo maana nilikasirika siku ile ya likizo ndefu, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja chuo kikuu, nilipokuta mwanamume mwenye baiskeli amesimama stesheni akanizibia njia kabla sijamwona hata baba yangu.

"Wewe ndiye binti wa mwenye duka la Nsemulwa?" akauliza. "Unayesoma mambo ya ardhi?"

Nikamwambia ndiyo mimi, na kwamba mzigo wangu ni mzito.

"Nani anakufundisha upimaji?"

Nikamtaja mwalimu wangu, Mzungu mmoja wa makamo.

Akacheka mpaka baiskeli ikataka kuanguka. "Bado anavaa zile soksi ndefu hadi magotini?"

"Anavaa."

"Basi wewe ni wangu. Jumatatu saa moja asubuhi, ofisi ya ardhi. Vaa viatu vya kutembelea, siyo hivyo."

Hivyo ndivyo nilivyompata. Wakati huo watu wa Mpanda waliokwisha kusoma chuo kikuu wakarudi kufanya kazi nyumbani ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yeye alikuwa ofisi ya ardhi. Kulikuwa na daktari, kulikuwa na mwalimu, na bwana shamba mmoja mpole. Walikuwa na kawaida yao: treni iliyoleta wanafunzi likizo ikipiga honi, wanakwenda stesheni na kutugawana. Anayesomea udaktari anachukuliwa na daktari, wa ualimu na mwalimu. Hakuna aliyewatuma, na chuo hakikuwaandikia barua hata siku moja. Wao walisema tu kwamba walipoanza kazi hawakuwa na mtu wa kuwashika mkono, na hawakutaka sisi yatukute kama wao. Sisi wote tuliwaita kaka, hata yule daktari aliyekwisha kuota mvi. Kwa hiyo huyu wangu nitamwita hivyo hivyo, kaka.

Nilimhitaji kuliko nilivyotaka kukiri. Chuo kilitaka kila mwanafunzi wa fani yetu afanye kazi kwa vitendo likizo ile, na arudi na barua ya siri kutoka kwa aliyemsimamia. Barua ikiwa mbaya, huingii mwaka wa mwisho. Kwa wenzangu wa kiume hilo lilikuwa na maana ya kupoteza mwaka. Kwangu lilikuwa na maana nyingine. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, lakini mfanyabiashara mmoja wa Tabora mwenye malori mawili alikuwa amekwisha kuleta habari zake nyumbani mara mbili, na baba alikuwa ameniambia waziwazi, akipima sukari dukani bila kuninyanyulia macho: "Mwaka wako wa mwisho nakuachia, mwanangu. Ukikwama, tutaongea mengine." Hayo mengine niliyajua. Yalikuwa na malori mawili.

Jumatatu nikaenda na penseli nne nilizozichonga vizuri, na rula, na daftari jipya. Kaka akazichukua zote akazifungia kwenye saraka ya meza yake.

"Wiki ya kwanza hakuna penseli," akasema. "Shika hizi."

Zilikuwa zile fito za kupimia, zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, pamoja na mfuko wa vigingi. Wiki nzima nikabeba. Tulipita Ilembo, tukaingia porini, tunapima mahali ambapo kijiji kipya kingewekwa. Mvua zilikuwa zinaishia, nyasi bado ndefu, na mbung'o walikuwa wanauma juu ya nguo kana kwamba nguo haipo. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nabeba fito! Jioni nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, mama ananiwekea maji ya moto kwenye karai nakanda miguu, na namsema kaka wa watu kwa maneno ambayo leo nayaonea haya.

Kuhusu kijiji chenyewe lazima niseme ukweli. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya pamoja, na hawa waliokuwa wanahamia hapa, Wakonongo na Wabende na familia chache za Wapimbwe, si kwamba walikuwa wanaimba njiani. Walikuwa wanaacha mizinga yao ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa na wakubwa. Kilichobaki mikononi mwa kaka, na kwa hiyo mikononi mwangu, kilikuwa ni nani akae wapi.

Wiki ya pili akafungua saraka, akanirudishia penseli zangu, akanipa na orodha ya kaya zilizojiandikisha. "Chora," akasema. "Ukimaliza, utasimama mwenyewe mbele ya watu uwaeleze. Hiyo ndiyo kazi. Kuchora tu hata fundi wa vibao anachora."

Nikachora siku nne. Mungu anisamehe, nilijipenda katika siku zile. Barabara moja, imenyooka kama uzi uliovutwa. Viwanja kushoto na kulia, vyote sawasawa, milango yote inatazama barabarani. Nikafuata orodha ilivyokuwa: namba moja kushoto, namba mbili kulia mkabala wake, namba tatu kushoto, namba nne kulia, mpaka mwisho. Nikapaka wino, nikaandika majina kwa herufi za kuchonga. Mwalimu wangu wa soksi ndefu angelia kwa furaha. Kaka akaitazama muda mrefu, akawasha sigara, akasema, "Safi. Kesho tunakwenda."

Mkutano ulikuwa asubuhi. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na mbele kulikuwa na kiti cha mkubwa mmoja aliyekuja kutoka wilayani kuona vigingi vinapigwa. Ramani yangu tuliifunga kwenye miti miwili. Nikasimama na fimbo ya kuonyeshea, nikaanza kusoma: namba moja fulani hapa, namba mbili fulani pale, wanatazamana. Namba tatu, namba nne, wanatazamana.

Nilidhani watapiga makofi. Badala yake huku na kule vikaanza vicheko vya kuzuiwazuiwa. Mzee mmoja akainama akawa anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Upande wa wanawake akainuka mama mmoja, mtu mzima, mwembamba. Akajifunika kanga kichwani, akageuka akatupa mgongo sisi wote, na kuanza kusema huku anaangalia porini.

"Binti, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mama. Nsemulwa."

"Ungekuwa Mzungu ningekusamehe."

Hapo vicheko vikapasuka. Akangoja vitulie.

"Hiyo namba saba ni mimi. Hiyo namba nane uliyoiweka mlangoni kwangu ni mume wa binti yangu. Sasa asubuhi nikifungua mlango nichote maji, na yeye anatoka kunawa uso, mimi nitokee wapi? Nitokee dirishani? Nyumba yenyewe mtakayonijengea nasikia haina dirisha."

Nikasikia damu inanipanda masikioni. Maana nililijua jambo hilo. Nililijua tangu sijaota meno ya pili! Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Ndiyo maana alikuwa amegeuka: mkwewe alikuwa amekaa pale upande wa wanaume, naye ameinamisha kichwa kama amepoteza shilingi mchangani. Nimekua nikimwona bibi yangu mzaa mama akimkwepa baba yangu kwa kuzunguka duka zima. Lakini miaka yote ya shule za bweni na chuo nilikuwa nimejifunza kuacha mambo ya nyumbani getini, na nilikuwa nimeyaacha vizuri mno. Tena watu walikuwa wamejiandikisha kwa ukoo, mama kisha binti na mumewe, mmoja nyuma ya mwingine. Kwa kufuata orodha yangu ya kushoto na kulia nilikuwa nimechora kijiji ambacho karibu kila mama anaamka akimtazama mkwewe. Watu wakaanza kutaja: na mimi, na mimi, na huyu. Zikafika jozi saba.

Yule mkubwa wa wilayani hakucheka. Akasimama, akasema hayo ni mambo ya kizamani, ramani ni nzuri, vigingi vipigwe leo leo. Kisha akaniangalia. "Au wewe msichana hukufundishwa kazi?"

Kaka akainuka, akaja akasimama kati yangu na yule mkubwa.

"Mheshimiwa, ramani hii imetoka ofisini kwangu. Kosa ni langu. Naomba siku kumi."

"Siku kumi za nini? Za kutafuta mlango wa bibi huyu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Za kutafuta mlango."

Siku zile kumwambia mkubwa neno kama hilo mbele ya watu, juu ya kazi ile, halikuwa jambo dogo. Watu waliwahi kuhamishwa kwa dogo kuliko hilo. Yule mkubwa alimtazama kwa muda, akatazama watu, akaona hakuna aliyekuwa anaelekea kuchukua nyundo. Akampa siku kumi, na akamwambia atalikumbuka.

Ungetegemea nimshukuru. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza. Alikuwa anakokota baiskeli, mimi nimebeba ramani imekunjwa chini ya kwapa kama mkeka wa msibani, na nilikuwa nalia kwa hasira.

"Kaka, uliliona lile kosa?"

"Niliona jana."

"Ukaniacha nikasimama pale nichekwe!"

"Niliona wawili, yule mama na mwingine mmoja. Ningekwambia, ungefuta hao wawili, na hao wengine watano wangeingia nyumba zile wakakaa kimya. Mimi mwenyewe hao watano nimewajua leo, pamoja na wewe." Akasimama kuondoa jani kwenye mnyororo wa baiskeli. "Mdogo wangu, mimi nilipoanza kazi nilipima soko nikaliweka juu ya njia ya maji. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikuuliza. Mvua ya kwanza ikaondoka na vibanda. Afadhali wewe umechekwa kabla ya mvua."

Nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa na woga: ni yeye ambaye angeandika barua.

Kesho yake nikaenda peke yangu kwa yule mama, bila ramani. Alikuwa bado kwenye nyumba yake ya zamani, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda na ungo uliojaa mahindi. Nikapukuchua. Vidole vikaota malengelenge. Ilikuwa inakaribia saa sita ndipo aliponiuliza, "Haya, unataka kujua nini?"

"Nataka kujua nani hawezi kutazamana na nani."

Akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga. "Mwanangu, basi leta mahindi mengine. Hiyo habari ni ndefu."

Siku kumi zile ndizo chuo changu kikuu, na sisemi hivyo kupamba. Nyumba kwa nyumba, nikipukuchua na kupepeta, nilijifunza nani ni mkwe wa nani, nani amegombana na kaka yake, mjane gani anataka kusikia sauti ya dada yake usiku, mzee gani anatengeneza mizinga na hataki watoto karibu na nyuki wake. Ramani ya pili ilitoka mbaya kutazama. Barabara ilipinda mahali pawili. Milango mingine ilitazama mashariki, mingine ikatupa mgongo barabarani. Viwanja vingine vilikuwa na pembe ambazo hata mimi niliona aibu kuzipaka wino.

Siku ya mkutano yule mama alisimama tena, akageuka tena, akauliza namba saba iko wapi. Nikamweleza. Akawaza.

"Na huyo mwenzangu?"

"Yuko nyuma ya kona, mama. Mlango wake unatazama bondeni."

"Basi sasa nitafagia uwanja wangu kwa raha," akasema, akakaa. Vigingi vikaanza kupigwa mchana huo huo, na safari hii wenye nyumba walishika nyundo wenyewe. Mkubwa wa wilayani hakuja.

Siku ya kuondoka kaka alinisindikiza stesheni, akanikabidhi bahasha iliyofungwa kwa lakiri nyekundu. "Mpe mwalimu mkononi mwake," akasema. Nilimtazama usoni kutafuta dalili, nikakuta moshi wa sigara tu.

Siwezi kueleza safari ile ilivyokuwa. Kabla ya Kaliua nilikuwa nimekwisha kuiinua ile bahasha kwenye mwanga wa dirisha mara sita. Niliona kivuli cha mwandiko, nisione neno. Nilikumbuka jinsi nilivyomgombeza njiani. Nilikumbuka malori mawili. Tabora, pale kwenye benchi, nilishika pini ya nywele karibu na lakiri, na ninaloweza kusema la kujisifu ni kwamba niliirudisha kichwani.

Mwalimu wangu alinipokea ofisini kwake, na soksi zake. Alikuwa ameishi nchini miaka mingi, lakini Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka salamu na kuagiza chai. Akavunja lakiri, akakunjua barua, akakunja uso. Akageuza ukurasa, akaugeuza tena. Wasimamizi wote walikuwa wanaandika kwa Kiingereza. Kaka, aliyesoma kwa mwalimu huyo huyo miaka mitatu, alikuwa ameandika kurasa mbili nzima kwa Kiswahili.

Mwalimu akanisogezea barua juu ya meza. Akaniambia nimfasirie.

Nikaanza. Mwanzo ulikuwa mwepesi: nilifika kwa wakati, nilibeba vifaa wiki nzima bila kukataa. (Hakuandika kununa kwangu.) Halafu macho yangu yakatangulia, nikaliona: "Ramani yake ya kwanza ilikuwa na kosa kubwa, kosa la mtu aliyesahau kwao. Liliwachekesha watu na kumwaibisha yeye, na lingeweza kuharibu maisha ya watu kama wangenyamaza."

Nikaacha kusoma. Mwalimu alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. Ilikuwa rahisi mno. Ningeruka mistari mitatu tu, na hapana mtu katika jengo lile ambaye angejua. Nikaona mwaka wangu wa mwisho umekaa pale mezani, na mimi ndiye mwenye kuamua niuchukue au niuache. Kisha nikamkumbuka kaka amesimama kati yangu na yule mkubwa, anasema kosa ni langu. Na mimi niseme halikuwapo?

Nikalisoma. Nikalifasiri lote, mlango na dirisha na vicheko, na mwalimu anaandika. Nikaendelea na siku kumi za mahindi, ambazo kaka alikuwa amezieleza nyumba kwa nyumba, maana kumbe alikuwa akipita nyuma yangu jioni kuuliza. Nikafika mwisho, nikakuta hivi:

"Mwalimu wangu, najua huwezi kusoma barua hii, na najua nani atakusomea. Kama amekusomea habari ya mlango wa mama mkwe bila kuiruka, basi sina zaidi la kumfundisha. Mpe mwaka wake wa mwisho, kisha turudishie, tunamhitaji."

Sikuweza kuifasiri. Nililia pale pale ofisini, kwa sauti, kama mtoto. Mwalimu wa watu akahangaika, akanipa leso, akauliza barua imesema jambo gani baya. Ilinichukua muda kumweleza. Alipoelewa akavua miwani, akauliza jambo moja tu: je, yule mama alipata mlango?

Nikamwambia alipata.

Nimefanya kazi ya ardhi miaka mingi tangu hapo, na nimekwenda stesheni kusubiri wanafunzi likizo nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila ninachowapa nilipewa. Na kila ninapofikiria jinsi nilivyokaribia kutumia ile pini ya nywele, nashukuru, nashukuru tena.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa Mpanda, kama alivyoomba. Treni ilichelewa kama kawaida yake. Baba yangu alikuwapo, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na mbele yake, amezuia njia, kaka na ile baiskeli.

"Alisoma barua yangu?" akauliza.

"Nilimsomea mimi."

"Yote?"

"Yote, kaka."

Akatikisa kichwa, akageuza uso kidogo upande wa reli. Kisha akafungua fito zilizofungwa nyuma ya baiskeli, akanikabidhi.

"Haya, shika. Wiki ya kwanza hakuna penseli."